Siku Mto Zeravshani Ulipofika

Enzi zetu pale Handeni, tulisoma jiografia iliyosalimika kwa mchwa. Kitabu cha shule kilikuwa kimoja, wakakitafuna, wakatubakizia Asia ya Kati. Mwalimu Mhina akauchora Mto Zeravshani kwa wino wa buluu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, nasi tukauimba tukienda lamboni na madumu: unazaliwa kwenye barafu ya milima ya Tajikistani, unapita Samarkandi, unainywesha Bukhara, mji wa wanazuoni. Halafu mifereji ya wakulima, iliyochimbwa tangu kale, inaumaliza. Unakauka mchangani, karibu kabisa na Amu Darya, mto mkubwa uliokuwa ukiungana nao zamani.

Bibi yangu, Bi Mwanahawa, aliposikia alishika kichwa. "Maskini! Msafiri afie njiani kwa kiu, na watu wapo?" Kwetu, hata lambo likauke, msafiri hanyimwi maji. Bibi alilia kweli, jamani, akaacha nusu ya ugali wake.

Mwaka huo mvua iligoma. Kwenye dua ya kuiomba, Bibi akasimama: "Ya kwanza apewe yule msafiri." Watu wakaitikia amina kabla hawajaelewa.

Wiki ileile mawingu yakatupita bila kuacha tone, yakaenda kumwagika Korogwe. Lo! Majirani wakamnunia Bibi, shikamoo akawa anazipata kwa wajukuu tu. Mwalimu akaambiwa aangalie ramani. Akavaa miwani, akaikagua. "Bado haujafika," akasema. Ndipo wazee wakang'amua: mvua ya msafiri imeshikiliwa Korogwe!

Bibi akapanda basi hadi Manundu, hukohuko Korogwe, kuidai, mimi nimembebea dumu tupu. Hakuna aliyemcheka. "Tuwie radhi, mama, hatukujua ina mwenyewe," wenyeji wakasema, wakatujazia dumu.

Tuliporudi akaingia moja kwa moja darasani, akamimina kikombe pale mto unapokatikia. Wino ukalainika, ukateleza, ukaingia Amu Darya. Mwalimu akavua kofia. "Umefika." Tulipiga makofi, na majirani waliojazana dirishani wakaanza kumwamkia Bibi mmoja mmoja.

Siku hizi tuna bomba, na mjukuu wangu ana dunia nzima kwenye simu. Juzi tukiwa mezani alinionyesha Zeravshani kwa picha za angani. "Babu, mbona bado unakauka?" Nikanyanyua kikombe changu cha maji, akaificha simu mgongoni upesi. Nilimkumbuka Bibi, roho ikaniuma. Kijana anajua mto unapokatikia kuliko hata Mwalimu Mhina. Ila ugali wake aliumaliza wote.