Moto wa Pugh Ndani ya Jiko la Cyril

Beryl Tunnicliffe aliwapikia watoto wa shule mjini Stone mpaka nywele zikawa nyeupe, na miaka yote hiyo moto haukumpa shida. Jiko la shule lilikuwa la gesi. Ukizungusha kitufe linawaka, ukikirudisha linazimika.

Mumewe, Cyril, alikuwa fundi wa mabasi. Walipostaafu waliuza nyumba yao, wakanunua boti ndefu nyembamba ya kuishi ndani yake na kuifunga kando ya mfereji wa boti, nje kidogo ya mji. Waliofunga boti zao hapo wengi walikuwa wazee kama wao. Kila boti ilikuwa na jiko dogo la chuma karibu na mlango, na bomba la moshi lililotokeza juu ya paa. Asubuhi za baridi mtu alitoka nje, akayatazama mabomba, akajua nani ameamka na nani bado.

Siku ya kwanza kabisa Cyril aligawa kazi.

"Sufuria zako," alisema. "Jiko langu. Mtu asiliguse."

Beryl hakubisha. Alikuwa amechoka na majiko. Usiku alitangulia kulala nyuma ya pazia, akamsikiliza mumewe akimalizia shughuli zake: kikombe kikioshwa, komeo likisukumwa, halafu mkwaruzo wa chuma juu ya chuma, mara kadhaa. Beryl aliamini ule ni mfuniko wa kuteleza wa mlango wa boti ukivutwa. Baada ya mkwaruzo Cyril alikuja kitandani na mikono yenye joto. Asubuhi Beryl aliamka akakuta chai tayari na chumba kizima cha moto, akaona ndivyo boti zilivyo.

Mwezi wa kumi na moja Cyril aliteleza kwenye barafu ya sitaha, akavunjika nyonga. Hospitali ya Stafford wakamfunga chuma ndani ya mfupa, wakamfundisha kutembea na fremu. Kabla hawajamruhusu kurudi nyumbani, walimtuma mtumishi wao, Bi Hattersley, aende kuangalia hiyo nyumba yenyewe.

Bi Hattersley alifika Jumanne asubuhi, akaketi kwenye benchi, asivue koti. Kila alipozungumza mvuke ulimtoka mdomoni.

"Mama, hapa ndipo mnapoishi wakati wa baridi?"

"Ndipo."

"Na jiko?"

"Limezimika. Jana nililijaza makaa ya mawe vizuri nikaliacha lilale. Sikuligusa hata kidogo."

"Limeanza leo kuzimika?"

Beryl aliyatazama makaa meusi ndani ya jiko. "Hapana."

Bi Hattersley alikuwa mtu wa upole, na alilisema jambo lake kwa upole. Mzee mwenye mfupa uliotoka kuungwa hawezi kuamkia baridi ya namna ile. Yeye angerudi kukagua Alhamisi, saa zile zile. Akikuta hali ni hiyo, Cyril angepelekwa nyumba ya wazee ya Eccleshall mpaka majira ya baridi yaishe.

Beryl alijua maana ya Eccleshall. Cyril mwenyewe alikwisha kumwambia kitandani, bila kupandisha sauti: "Nikiingia kule, Beryl, sitoki. Dada yangu alikwenda kwa mwezi mmoja."

Angeweza kumuuliza namna ya kulilaza jiko usiku lisizimike. Lakini akimuuliza, mzee angejua limezimika, na akijua limezimika asingelala tena. Kwa hiyo jioni ile, Cyril alipouliza hospitalini, "Jiko linaendeleaje?" Beryl alijibu, "Linakula kuliko wewe."

Jumatano moto uligoma kabisa. Vijiti vya kuwashia vilikuwa vimelala chini ya turubai lililovuja, vikatoa moshi tu na kumliza machozi. Mchana ulikuwa umeingia aliposikia mtu akigonga paa. Kwenye mfereji ule mtu hakanyagi boti ya mwenzake bila kuitwa. Unasimama ukingoni na kugonga.

Alikuwa Ivor Pugh, mjane wa Wales, mwenye boti ya nyuma yao. Yeye na Cyril hawakuwa wakisalimiana. Cyril alikuwa amemwambia mbele za watu, baa ikiwa imejaa, kwamba anachoma miti mibichi na moshi wake unachafua shuka za Beryl. Pugh akamjibu kwamba Cyril analitunza jiko lake kama bibi harusi, na bibi harusi mwenyewe amemwona kwa ndani tu, moshi wake wa nje haujui.

"Bomba lako halitoi kitu," Pugh alisema.

"Nimeliona."

"Hata jana halikutoa."

"Umekaa unalihesabia?"

"Dirisha langu linatazama huku. Sina televisheni."

Beryl akamwambia yote, Eccleshall na Alhamisi. Pugh akageuka akaondoka, na Beryl akadhani amemchosha. Kidogo akarudi na ndoo ya chuma yenye mfuniko. Ndani yake makaa yalikuwa mekundu mpaka yanapumua.

"Fungua jiko."

"Cyril akisikia..."

"Akisikia moto wa Pugh umo ndani ya jiko lake atapona leo hii, aje aumwage mferejini. Fungua, mama, ndoo inaniunguza."

Beryl alifungua. Jiko likaushika moto ule kama lilikuwa linausubiri. Alimpikia Pugh chapati za shayiri zenye jibini, naye akazila amesimama nje kwenye baridi, kwa kuwa mwenye jiko hakuwa amemkaribisha.

"Usiku unaufanyaje moto usizimike?" Beryl aliuliza.

"Mimi nalijua langu. Hilo la mumeo hajawahi kumwonyesha mtu."

Jioni Beryl alijaza makaa, akaosha kikombe, akasukuma komeo, akavuta mfuniko wa mlango. Mfuniko ukateleza kimya, maana Cyril aliupaka mafuta kila mara. Beryl akabaki ameushika. Akaurudisha, akauvuta tena. Kimya.

Kama si mfuniko uliokuwa ukikwaruza, ni nini?

Alipiga magoti mbele ya jiko. Chini ya mlango wake kulikuwa na mpini mfupi wa chuma, ncha yake iking'aa kwa kushikwashikwa. Aliuvuta. Ukakwaruza mkwaruzo ule ule. Majivu yakamwagika kwenye trei, na palipokuwa peusi pakawa pekundu. Alikuwa ameuacha moto upumzike asiusumbue, nao ukawa unazikwa na majivu yake mwenyewe. Akavuta tena na tena, kisha akaenda kulala.

Alhamisi miwani ya Bi Hattersley iliingia ukungu mlangoni. Alizungumza juu ya chuma cha kushikilia pembeni mwa kitanda, na katikati ya maneno akaanza kufungua vifungo vya koti bila kujiangalia. Beryl alivifuata kwa macho vile vifungo mpaka cha mwisho.

Wiki iliyofuata Cyril alirudi. Aliketi kulikabili jiko muda mrefu, fremu ikiwa kati ya magoti.

"Unachoma nini?"

"Makaa yale yale."

"Moshi unanukia miti mibichi."

"Moto ni wa Pugh," Beryl alisema. "Ulizimika, akaniletea mwingine kwa ndoo. Haujazimika tangu hapo."

Birika la maji lilikuwa karibu na mkono wa Cyril. Beryl aliliangalia birika, akamwangalia na mumewe.

"Huyo mwenyewe yupo?" Cyril aliuliza mwishowe.

"Yupo. Dirisha lake linatazama huku."

Cyril aliguna, akaliacha birika lilipo.

Usiku huo alitangulia yeye kulala, nyuma ya pazia. Beryl aliosha kikombe, akasukuma komeo, akapiga magoti na kuvuta mpini mara nne.

"Bado mbili," sauti ilitoka nyuma ya pazia.

Akavuta mbili.