Kizimba kilichokataliwa kwa sababu ya masikio

Saa tatu asubuhi, Mama Kizimba amepiga magoti kwenye sebule isiyo na kiti hata kimoja, futi mkononi, penseli imechomekwa sikioni. Mbele yake yuko Karani, mbwa mwekundu wa miaka tisa, ambaye kila akiguswa na futi anakaa chini.

"Simama, mzee wangu," anambembeleza. "Mimi sina sindano."

Mwenye mbwa, mwalimu mstaafu, anamshika tumboni na kumwinua. Viti vyote ameshawagawia majirani. Leo Jumatatu, ndege ni Alhamisi.

Mama Kizimba ni seremala anayetengeneza vizimba vya kusafirishia mbwa na paka wanaohamia ng'ambo pamoja na wamiliki wao. Jina hilo la utani limemletea vituko. "Kuna mama alinipigia, mwanawe ana kesi, anataka kujua asimameje kizimbani," anasema. "Nikamwambia dada yangu, changu mimi kina matundu ya hewa."

Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa akitengeneza stuli, ndipo mteja akamletea karatasi ya masharti ya shirika la ndege. Alijibu anaweza, kisha akashinda siku nzima akiisoma na mumewe neno kwa neno. Tangu hapo, wanyama 212 wamesafiri ndani ya mbao zake.

"Watu hudhani kazi ni ndege. Kazi ni mpangilio," anaeleza. Mbwa huwekwa chipu ya utambulisho chini ya ngozi kwanza ndipo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, halafu apimwe damu na kusubiri miezi. Ukitanguliza chanjo, yote ni bure na unaanza upya. Mwalimu alifuata kila hatua kwa miezi saba.

Kilichomwangusha ni kizimba. Alhamisi iliyopita, kwenye ofisi ya mizigo ya uwanja wa ndege, mkaguzi alimwingiza Karani, na masikio yakagusa paa. Masharti hayaruhusu. Mwalimu na mbwa wake wakarudishwa nyumbani.

Mama Kizimba hamung'unyi maneno kuhusu kosa hilo. Alipompima mara ya kwanza alikuwa akimpapasa kichwa, ili atulie.

"Mbwa ukimpapasa analaza masikio," anasema. "Kule uwanjani, na zile kelele, akayasimamisha. Sentimita tatu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Hati ya afya ya mbwa hudumu siku kumi tu, na hii inakwisha Ijumaa. Ruhusa ya mwalimu mwenyewe ya kuingia huko aendako inakwisha Jumamosi. Binti yake, anayemngoja ng'ambo, amemsihi amwache mbwa kwa jirani.

"Ananipenda, lakini hajui," mwalimu anasema. "Mke wangu alipofariki, aliyebaki kunisubiri mlangoni ni huyu. Bila yeye siendi."

Safari hii hakuna kupapasa. Mama Kizimba anauliza ni kitu gani humshtua Karani. Mwalimu anafikiri kidogo. Kwa miaka sita mbwa huyu alimsindikiza shuleni, akilala nje ya darasa hadi vipindi viishe.

"Kengele," mwalimu anatamka taratibu.

Masikio yanasimama wima kama vijiko kwenye kikombe. Mama Kizimba anapima, anaandika, anapima tena, kisha anaondoka bila hata kunywa chai aliyotengewa.

Alhamisi, mkaguzi yuleyule anapitisha kiganja kati ya masikio na paa. Kinapita. Anagonga muhuri, na Mama Kizimba anatafuta benchi akae.

Jumapili simu yake inaingia video. Ni sebule ya ugenini, ina zulia na kitanda kipya cha mbwa ambacho hakijaguswa. Karani amelala ndani ya kizimba, mlango wazi. Sauti ya mwalimu inasikika: "Amekataa kitanda, mama. Anasema humu ndimo kwao."

Fundi huyu anakiri kwamba alilia, na hakulia kwa ajili ya mbwa tu, bali na ya mwalimu aliyeacha kwao.

Sasa ana mpango. Anataka vizimba vyake viwe na paa la kufunguliwa kwa skrubu nne, ili mnyama akifika kigeuke kitanda chake cha kila siku. Cha kwanza ni cha paka anayesafiri mwezi ujao, na tayari kimepigwa msasa.

Baada ya hicho ana kazi nyingine, ambayo haimo kwenye masharti ya shirika lolote la ndege.

"Mwalimu aliniuliza kama natengeneza na vya ukubwa wake," anasema. "Nilicheka, halafu nikaona hatanii. Nitamtengenezea kiti cha mbao zilezile, nikitume kwa vipande. Akikaa karibu na mbwa wake, naye awe kwao."