Chipsi Zangu Ndani ya Gunia la Mzee Faki

Nawaambia leo kwa kuwa wote waliokuwepo wameshanicheka hadi wakachoka, mmebaki nyie tu, basi na nyie chekeni tumalize: miye, mke mpya wa miezi miwili, ndiye niliyemfanya baba mkwe wangu aonekane mwizi mbele ya mkaguzi wa karafuu, na sababu ni mbatata.

Mume wangu Hamadi alikuwa karani Chake Chake, enzi hizo za Mngereza, na kila Ijumaa akirudi nyumbani Mgogoni na jambo jipya. Ijumaa hiyo akatusimulia kwamba mkubwa wake wa kazi, Mzungu, kawaalika makarani chai, wakapewa chipsi, yaani mbatata zilizokatwa vijiti vijiti zikakaangwa, ukizitafuna zinalia kwachu kwachu (akatuonesha kwa mdomo, mate yakamruka). Mama yake, Bi Asha, mwanamke asiyekubali kuwa kuna kitu Mzungu anacho na yeye hana, akanigeukia.

"Si umekaa Unguja weye? Chipsi unazijua?"

Neno moja tu lilitakiwa hapo, la. Nami nikasema, "Chipsi, mama? Nimezipika mpaka zimenichosha!"

Uongo mtupu! Unguja nilikaa kwa shangazi miezi minne nikiosha vyombo, na hizo chipsi nilizisikia ng'ambo ya ukuta tu, mke wa mpishi mmoja wa Wazungu akimwelekeza mwenzake: zikate nyembamba, zitie chumvi, zikaushe sana, zikikauka vyema ndo zinalia. Nikaona elimu hiyo yanitosha (na kuna watu wamepewa vyeo kwa elimu ndogo kuliko hiyo).

Jumanne Hamadi akatuletea ratili tatu za mbatata kwa mtu wa njia, ziliwe Ijumaa baada ya sala. Sasa, Mpemba umwambie kausha, atakausha kwa nini kama si kwa jua? Karafuu twazikausha kwa jua, dagaa kwa jua, muhogo kwa jua, na msimu wa karafuu ulikuwa umechachamaa, uwanja mzima umejaa majamvi ya karafuu. Nikazikata, nikazimwagia chumvi, nikatandika kipande changu cha mkeka ubavuni mwa majamvi ya baba mkwe, nikazianika. Siku ya kwanza zikawa kijivu. Siku ya pili zikawa nyeusi, zimesinyaa, zimejikunja, huzitafautishi na makonyo, vile vijiti vya karafuu ambavyo mkulima safi huvitoa vyote kabla hajaenda kuuza.

Bi Asha akapita, akainama, akaguna. "Ndo zilivyo hizi?"

"Ndo zenyewe, mama. Bado siku moja."

Na hapo niwaambie habari ya baba mkwe, Mzee Faki. Mikarafuu yake ilikuwa michache, lakini jina alikuwa nalo. Kituoni, zinakouzwa karafuu, wakimwona tu wanamwambia pita, kwa kuwa karafuu za Mzee Faki hukuti konyo wala jani. Jina hilo ndilo lililomfanya atembee kifua mbele, na mali nyengine ya kujivunia hakuwa nayo.

Alkhamisi alasiri mvua ikashuka bila ya hodi. Mvua ikikuta karafuu nje, hata aliye chooni hutoka mbio! Kila mtu akadaka pembe ya jamvi, na Bi Asha, kwa kunionea huruma, akaukunja mkeka wangu akaukung'uta ndani ya ukumbi, bila ya kuangalia, juu ya lundo la karafuu. Nikaona kwa macho yangu haya. Ningesema palepale tungecheka yakaisha, lakini fundi wa chipsi angeanzia wapi? Nikasubiri wenzangu wasimame kuswali magharibi, nikachagua nilizoziona, nikajidanganya zimekwisha.

Ijumaa nikazikaanga zile nilizoziokoa. Mafuta yalizipokea, kufumba na kufumbua zikawa mkaa. Hamadi akauma moja, ikalia kwachu, kumbe ni jino.

"Za bwana mkubwa zilikuwa za manjano," akasema, kashika shavu.

"Zile za Kizungu," nikamjibu bila ya haya. "Hizi za Unguja."

Jumamosi Mzee Faki akapakia magunia juu ya punda. Roho haikunitulia, nikasema nami nna pishi zangu mbili za karafuu za kuokota, nikamfuata. Kituoni watu wamejaa. Mkaguzi, kijana wa kaptula nyeupe na soksi ndefu, akatia mkono gunia la kwanza, akatoka na kitu cheusi.

"Mzee Faki, hili konyo?"

"Labda limepotea njia, mwanangu."

Akatia tena, akatoka na matatu. Akanusa moja, akalitia ulimini, akakunja uso. "Konyo gani lina chumvi?"

Gunia likamwagwa chini mbele ya kila mtu. Yarabi, kumbe zilikuwamo! Watu wakaanza: "Usafi wenyewe ndo huu?" "Miaka yote twaambiwa tumuige Faki, kumbe atia uchafu apate uzito!" Mkaguzi akatoa kalamu aandike jina lake miongoni mwa wanaochanganya. Mzee Faki kavua kofia, anaapa, na hakuna anayemsikiliza. Nikamwonea huruma hata nikasahau kujionea miye mwenyewe.

"Ni zangu, bwana!" nikapiga kelele. "Ni chipsi!"

Mkaguzi akaniangalia, akaiangalia ile ya mkononi, akaniangalia tena. "Chipsi? Ulizifanya nini, bibi?"

"Nilizikausha."

"Juani?"

"Siku mbili. Zingekuwa tatu, ila mvua."

"Astaghfirullah! Zinakaushwa kwa kitambaa, mama! Unazifuta maji, unatia mafutani, basi!"

Kituo kizima kikaangua kicheko, mmoja akadai, "Yakhe, nipimie pishi na miye!" Mkaguzi akasema tukizichagua zote hapohapo atazipokea karafuu. Nikapiga magoti na baba mkwe wangu, tukachagua moja moja mpaka adhuhuri, na kila anayepita anatuuliza chipsi zinakwendaje leo. Mwisho mkaguzi akatia mkono hadi kwapani, akautoa.

"Safi. Pita, Mzee Faki."

Akavaa kofia yake, akapita.

Njiani akatangulia na punda wake, na miye nyuma nalia kimyakimya, nikijua talaka yangu yaja. Tulipokaribia nyumbani akasimamisha punda.

"Mkaza mwana, na zikipikwa sawasawa, utamu wake ukoje?"

"Sijui, baba," nikasema. "Sijapata kuzila."

Akanitazama, kisha akakaa chini kandokando ya njia, akacheka mpaka machozi yakamlowesha ndevu. "Neno hilo tu," akasema, "ungelinipa Ijumaa ile ya mwanzo!"

Basi tokea siku hiyo nikiulizwa nisilolijua nasema silijui, tena kwa sauti, hata mama mkwe awe amenikodolea macho.