Kiganja cha Mama na Protini Zangu

Miaka ile ya themanini nilirudi nyumbani, kijijini Tulia, na shahada ya baiolojia, nikawa sivumiliki. Hata kuku wa mama walisomeshwa. Asubuhi moja uji ulifurika ukamuunguza mama kiganja cha kulia, kuanzia shina la vidole. Kiganja hicho ndicho kilichosuka viondo vyake vya mkonge.

Dresa wa zahanati, mzee aliyefunga vidonda tangu sijazaliwa, alimpaka dawa akamwambia anyooshe vidole kila siku, hata akilia. Wahenga walikataza kutukana wakunga na uzazi ungalipo. Mimi nilimcheka dresa na kidonda kingali kibichi. Mtu wa darasa la saba, alikuwa anamfundisha nani? Nikamkalisha mama jikoni nikampa mhadhara. Aktini na miosini, zile protini zinazokaza misuli, zimo pia katika seli ambazo si za misuli. Seli zinazojenga ngozi mpya huzitumia kuvuta kingo za kidonda zikaribiane. Kwa hiyo mkono utulie, protini zifanye kazi. Nikaufunga kwa kitambaa safi, vidole vimekunjwa.

Mama alinisikiliza kwa heshima nisiyoistahili.

"Na hiyo kitu inavuta," akauliza, "itajua kuacha saa ngapi?"

Mwenye shahada akikosa jibu huongeza sauti. Nilimkataza kunyoosha hata kidole kimoja. Alitii, maana mimi ndiye niliyesoma.

Wiki zikapita, kidonda kikafunga. Nilitamba sokoni utadhani ngozi ile nimeiumba mwenyewe. Kisha nikafungua kitambaa kwa mara ya mwisho, nikamwambia anyooshe mkono. Vidole viwili vilikataa. Kovu lilikuwa limevivuta likavibana ndani ya kiganja. Protini zangu zilikuwa zimefanya kazi barabara, ila hakuna aliyeziambia imetosha.

Dresa hakunisema. Alianza kumkanda mama vidole kwa mafuta, lakini tulikuwa tumechelewa, na niliona aibu mpaka nikashindwa kumsalimia mzee yule.

Mama hakusuka tena. Kiondo alichokuwa amekianza kilibaki ukutani, nusu. Wageni walipomuuliza mkono umekuwaje, aliwaambia, "Nilitibiwa na msomi wangu," tena kwa fahari. Nilitamani anitukane.