Beseni la Maji ya Chumvi, Majengo

Wiki iliyopita nilitembea na mahujaji wa Kikatoliki kutoka Ugalla hadi Mpanda mjini, siku tatu kwa miguu. Tulipofika mtaa wa Majengo, bibi mmoja aliyekuwa anatimiza nadhiri baada ya mjukuu wake kupona akaketi chini barabarani. "Nyie tangulieni," akasema. "Mimi nimeshindwa."

Mbele ya duka la vitambaa palikuwa na turubai, na chini yake uji, maji na mabeseni. Mwenye duka, mama wa Kihindu, alikuja na beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akapiga magoti. Bibi akaficha miguu ndani ya kitenge.

"Hapana mama, miguu yangu michafu."

"Ndiyo niliyoifuata."

Akamwosha taratibu, akampaka mafuta kwenye malengelenge. Alituambia kuwa akiwa binti, kule Gujarat, India, alitembea na mama yake siku nyingi kwenda hekaluni, na kila kambi watu wasiowajua waliwaosha miguu. "Huku safari ile hatuna," akasema. "Lakini nyie mnayo yenu."

Bibi akanyanyuka. Mama yule akamshika mkono, wakaenda pamoja polepole mpaka kanisani. Langoni, katekista aliyekuwa anaandikisha mahujaji akamuuliza yule mama anatoka parokia gani.

Bibi ndiye aliyejibu: "Mwandike tu. Huyu katembea mbali kuliko sisi wote."

Katekista akakuna kichwa, kisha akaandika. Sijathubutu kumuuliza aliandika nini.