Alimfundisha kushona jarida, leo anamwonea wivu

LONDON, Novemba 1733. Keziah Prout analowesha ncha ya uzi kwa mate, anautunga kwenye sindano na kuanza kushona bila hata kutazama. Karatasi zilizokunjwa zimerundikana mezani hadi usawa wa kidevu chake. Jarida linatoka kesho.

“Sogea, umeziba mlango,” anamwambia mwandishi. “Mwanga wetu wote ndio huo.”

Prout, mjane wa miaka 41, yupo hapa mtaa wa Clerkenwell tangu toleo la kwanza. Mwenye kiwanda cha chapa aliamua kuchuma habari nzuri kutoka magazeti ya kila wiki, aongeze mashairi, bei za ngano, ndoa na vifo, kisha afunge vyote ndani ya jalada moja kila mwezi. Jarida hilo akaliita Ghala. Wauza vitabu wa mjini walimcheka.

“Walisema nani atanunua habari zilizochacha,” anakumbuka. “Kufika toleo la tatu, wanunuzi walikuwa wengi, tukashona mpaka vidole vikavimba.”

Mbele yake alikaa Winifred Sleath, ambaye hakujua hata kukunja karatasi. Prout alimfundisha. Wakawa wanakula mkate na jibini pamoja.

Kisha wauza vitabu walewale wakaungana, wakaanzisha jarida lao linalofanana na Ghala kama pacha. Walipotafuta msimamizi wa washonaji, wakamchukua Winifred.

“Yeye! Si mimi,” anasema Prout, na sindano inasimama. “Nisikudanganye, ni wivu. Naamka nao, nalala nao.”

Wiki iliyopita, washonaji wawili wa Winifred waliugua homa. Akaja mwenyewe, kofia mpya kichwani, kuomba msaada wa siku moja. Prout alikwenda. “Nilitaka kuona tu,” anasema.

Akaona dirisha refu, moto unaowaka na viti vyenye mito.

“Keziah, bado upo kwenye lile shimo?” Winifred akamuuliza mbele ya watu.

“Shimo ulilofundishiwa kazi, shoga.”

Wanawake wakaangua kicheko. Winifred hakucheka. Jioni alimfuata mlangoni.

“Njoo uhamie hapa, nafasi ipo.”

“Niwe chini yako?”

“Sasa uwe chini ya nani?”

Prout aliondoka, akalia njia nzima.

“Angenitukana, ningepona,” anasema. “Kanionea huruma!”

Jumatatu alimkabili mwenye kiwanda. Hakuomba nyongeza juu ya shilingi zake tano za wiki. Alitaka apewe usimamizi wa washonaji, na ukuta utobolewe dirisha. Mwenye kiwanda ameahidi jibu ifikapo Krismasi.

Na akikataa?

Prout anakata uzi kwa meno.

“Nitahamia kwa Winifred. Nitachagua kiti kinachotazamana na chake, nishone mbele ya macho yake kila siku, mpaka wale wauza vitabu wajionee wenyewe wamemchukua nani, wakamwacha nani.”