Taa ya Chini Huwaka ya Juu Ikizimika

Saa kumi na mbili jioni, chumba cha kusubiria cha kliniki ya watoto kimebaki na viti vitupu. Taa ya tangi la samaki inazimika. Mfanyakazi wa usafi anaegemeza fagio ukutani, anapiga magoti, anafungua kabati lililo chini ya tangi na kubonyeza swichi.

"Njoo uone, mwanangu," anamwambia mwandishi. "Ila usipige kelele, wenzangu ndiyo wanaingia zamu."

Ndani ya kabati kuna tangi jingine, dogo kama beseni la kufulia, lenye maji ya chumvi na mwani wa kijani uliosokotana kama nywele zisizochanwa. Haipiti nusu saa, vipovu vinachomoza kwenye mwani. Kimoja, viwili, kisha havihesabiki. Jamani! Ni hewa hiyo. Maji haya huzunguka na kupanda hadi kwa samaki aliyelala gizani huko juu.

Mfanyakazi huyu hapa wanamwita Bibi Sabuni, na jina hilo hakulipata bure. Ana miaka hamsini na tisa, na kumi na minane kati ya hiyo ameimaliza akiing'arisha kliniki hii. Mwaka jana alipokabidhiwa tangi, alifungua kabati, akaona ukijani, akashika kichwa. Uchafu wote huu chini ya pua yake! Alikwangua, akasugua, akasuuza mpaka kioo kikametameta.

Ndani ya wiki tatu, samaki sita kati ya saba walikufa.

"Nililia kama mtoto," anasema bila kuficha. "Watoto wananiuliza, bibi, wengine wako wapi? Ningewaambia nini?"

Fundi wa tangi alipokuja alicheka kwanza, kisha akamhurumia. "Mama, umewafukuza wafanya usafi wenzako," alimwambia. Mwani ndio uliokuwa ukila uchafu wa samaki. Akamletea konzi moja ya mwani mpya, na sharti lake: taa ya chini iwake ya juu ikizimika, izimwe asubuhi. Gizani kila kilicho hai majini huvuta hewa, na bila taa hiyo hakuna wa kuirudisha.

Uongozi nao ukasema lake. Samaki wa mwisho akifa, tangi linaondolewa, vinawekwa viti.

Huu ni mwezi wa saba, na Bibi Sabuni hajakosa siku, hata Jumapili. Fundi alitaka kumfungia kifaa cha kuwasha taa chenyewe. Akakataa katakata.

"Kiwashe chenyewe, halafu mimi nione nini?" anauliza, macho hayabanduki kwenye vipovu. "Miaka yote nasugua, sijawahi kuona usafi unaopumua."

Wiki iliyopita uongozi ulilegea: mwezi huu ukiisha salama, samaki wa pili ataletwa. Bibi Sabuni anastaafu baada ya miezi minne. Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita, na watoto wake wanaishi mbali.

"Nyumba ya mtu mmoja naijua mimi," anasema, akimtazama samaki aliyejibanza nyuma ya jiwe. "Siku nikirudisha funguo, nataka nimwache na mwenzake."